Tamko kuhusu miswada ya matibabu na mafao ya maveterani wa Marekani



Kamati Tendaji ya chama chetu, chama cha wanaume kwa wanawake waliovaa sare ya jeshi la Marekani na wanaozungumza Kiswahili nyumbani kwao, imeipitia miswada ya matibabu na mafao ya maveterani iliyo mbele ya Bunge la 119 mjini Washington. Tumeona si vyema kunyamaza. Tamko hili linaeleza miswada tunayoiunga mkono, vipengele tunavyotaka viongezwe, na mahali ambapo subira yetu imekwisha.

Kwanza tujitambulishe, maana hata jirani zetu wengi hapa hawajui kama tupo. Tulizaliwa Kenya, Tanzania, Kongo, Uganda, Rwanda na Burundi. Wengine waliingia jeshini wakiwa na kadi ya kijani. Wengine waliingia kwa mpango wa MAVNI, ulioanza mwaka 2009 na kusimamishwa mwaka 2016 baada ya kuandikisha zaidi ya watu 10,000. Mpango huo uliwatafuta wageni wenye ujuzi wa tiba au wenye lugha ambazo jeshi lilizihitaji, na Kiswahili kilikuwa kwenye orodha ya lugha hizo. Kwa hiyo asitokee mtu akatuambia kwamba tunabisha hodi kwenye nyumba isiyotuhusu. Tuliitwa, tukaitika, tukala kiapo kilekile wanachokula wenzetu wa Ohio na Texas.

Msimamo wetu ni huu: fidia ya mwili ulioharibika vitani ni deni la taifa kwa askari wake, na deni halilipwi nusunusu. Kwa sheria zilivyo leo, linakatwa kwa hesabu ya pensheni, linakatwa kwa ramani ya mahali ulipotumikia, na likiponea hapo, upande wa matibabu unapungua ukihamia nchi nyingine.

Tunaanza na muswada tunaotaka upite kabla ya mingine yote, nao ni Muswada wa Meja Richard Star. Marehemu Meja Star alikuwa mhandisi katika kikosi cha akiba cha Jeshi la Nchi Kavu, akatumikia Iraq na Afghanistan. Aliugua saratani ya mapafu iliyohusishwa na moshi wa mashimo ya kuchomea taka, akastaafishwa kwa ugonjwa, akafariki Februari 2021 akiwa bado anapigania haki hii kwa ajili ya wenzake.

Haki yenyewe si ngumu kuielewa. Mwanajeshi aliyestaafishwa ana stahili mbili zenye asili tofauti. Pensheni inatoka Wizara ya Ulinzi, kwa sababu alifanya kazi. Fidia ya ulemavu inatoka Wizara ya Maveterani, ile ambayo sote tunaiita VA, kwa sababu mwili wake umeharibika. Aliyetimiza miaka 20 kazini na akapimwa ulemavu wa asilimia 50 au zaidi anapata zote mbili. Utaratibu huo ulianza kutekelezwa kwa awamu mwaka 2004. Lakini yule aliyelipukiwa na bomu la barabarani mwaka wake wa nane, akaambiwa mwili hauwezi tena kazi ya jeshi, kila dola anayopewa na VA inatolewa kwenye pensheni yake.

Tuchukue mfano wa sajini wa namna hiyo. Tuseme pensheni yake ya majeraha ni dola 1,500 kwa mwezi, na VA imempa ulemavu wa asilimia 100. Kwa viwango vya mwaka 2025, asiye na mwenzi wala wategemezi alikuwa anapata dola 3,831.30. Ukijumlisha ni dola 5,331.30. Yeye hapati hiyo. Anapata 3,831.30 na pensheni yote imeliwa. Yapo malipo maalumu ya majeraha ya vita yanayoweza kumrudishia sehemu, ila kikomo chake kinafuata miaka aliyotumikia, na miaka minane haimfikishi mbali. Matokeo yake ni kwamba aliyekatwa mguu mapema ndiye anayekatwa pesa nyingi. Walio katika hali hii ni zaidi ya 50,000.

Wapo wanaosema huko ni kulipwa mara mbili. Hoja hiyo ina umri mrefu. Sheria ya kuzuia malipo mawili ina mizizi yake katika karne ya 19. Sisi tunauliza swali moja. Dereva wa kampuni akigongwa na lori kazini, yuko hakimu atakayeamuru fidia ya mguu wake itolewe kwenye mshahara aliokwisha kuufanyia kazi?

Wengine hawana hoja, wana kisingizio cha bajeti. Katika Bunge lililopita, zaidi ya wajumbe 300 kati ya 435 wa Baraza la Wawakilishi waliweka majina yao kuudhamini muswada huu, na katika Seneti zaidi ya 70 kati ya 100. Haukupita. Umerudishwa tena mwaka 2025, na Gus Bilirakis wa Florida na Seneta Mike Crapo wa Idaho wakiwa miongoni mwa wanaouongoza, nasi tunawashukuru. Lakini tuseme ukweli: jina kwenye orodha ya wadhamini ni rahisi, linapamba barua za kampeni na halimgharimu mtu chochote. Muswada wenye wadhamini wengi kuliko kura zinazotakiwa kuupitisha, na bado unakaa kabatini, umekosa watu wa kuona aibu. Tunataka uletwe ukumbini upigiwe kura ukiwa peke yake, ili tujue nani yuko wapi.

Tunakuja kwenye Sheria ya PACT, iliyotiwa saini tarehe 10 Agosti 2022. Wanachama wetu wengi wanakula matunda ya sheria hii, na tunaisifu bila kusitasita. Waliokuwa Iraq na Afghanistan hawahitaji kuelezwa shimo la kuchomea taka lilikuwaje, ila wake na watoto wetu wanahitaji. Kila kitu cha kambini kilitupwa humo: chupa za plastiki, matairi, betri, makopo ya rangi, taka za hospitali, kinyesi. Juu yake yalimiminwa mafuta ya ndege ili moto ushike. Upepo ukigeuka usiku, moshi unaingia kwenye hema, na asubuhi ukipenga kamasi inatoka nyeusi. Pale Balad, kaskazini ya Baghdad, shimo lilikuwa na ukubwa wa ekari kama 10, likiwaka mchana na usiku.

Kabla ya sheria hiyo, askari mwenye saratani ndiye aliyebebeshwa kazi ya kuthibitisha kwamba moshi ule ndio uliomwumiza. Sheria ya PACT iliupindua mzigo. Ukionyesha kwamba ulikuwa mahali fulani katika kipindi kilichotajwa, na unaugua mojawapo ya maradhi zaidi ya 20 yaliyoorodheshwa, sheria inachukulia kwamba uliyapata kazini. Hutafuti tena daktari wa kukuandikia ripoti ya kurasa kumi.

Basi kila kitu kinategemea orodha ya mahali. Somalia imo, tangu tarehe 2 Agosti 1990, pamoja na Iraq, Kuwait, Saudi Arabia, Oman na nchi nyingine za Ghuba. Djibouti imo, pamoja na Afghanistan na Yemen, tangu tarehe 11 Septemba 2001. Kenya haimo.

Aliyetumikia Afrika Mashariki anaijua Manda Bay, katika Kaunti ya Lamu, na anaijua kambi yake ya Camp Simba. Ndege zimeruka kutoka pale kwenda kufanya kazi ya vita vya Somalia. Tarehe 5 Januari 2020 al-Shabaab walivamia uwanja wa ndege alfajiri. Wamarekani watatu waliuawa, mmoja askari na wawili wafanyakazi wa mkataba. Ndege na matangi ya mafuta yaliungua, na waliokuwepo waliuvuta moshi ule. Sasa tazama mgawanyo: aliyekaa Mogadishu yumo kwenye orodha, aliyekaa Djibouti yumo, na aliyekaa Manda akivihudumia vita hivyohivyo hayumo.

Hatudai kwamba Manda palikuwa kama Balad. Tunachosema ni kwamba kwa sheria ilivyo, wa Balad anaaminiwa na wa Manda anaambiwa alete ushahidi. Ushahidi gani? Nani alipima hewa, kwa kifaa kipi, na kumbukumbu hizo ziko mikononi mwa nani? Ni jeshi, si koplo. Ni kweli kwamba tangu tarehe 5 Machi 2024 mlango wa matibabu ya VA umefunguliwa kwa waliokutana na sumu kazini popote pale, na wanachama ambao hawajajiandikisha tunawahimiza wajiandikishe. Fidia ni habari nyingine. Tunapendekeza orodha irekebishwe na Kenya iongezwe, kuanzia tarehe 11 Septemba 2001, na Wizara ya Ulinzi iagizwe kukabidhi VA kumbukumbu zote za mazingira ya kambi zake za Afrika Mashariki.

Habari hii ya karatasi tunaijua tangu kwa babu zetu. Wazee wa Keya, yaani jeshi la KAR la Waingereza, waliopelekwa Burma mwaka 1944 katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walipigana bonde kwa bonde katika mvua za masika ya kule, kwa mshahara uliopangwa kwa rangi ya ngozi. Walirudi na medali. Cheti kikipotea au kikiliwa na mchwa, mzee hakuwa na la kumwonyesha karani. Wajukuu wa wazee hao wamo katika chama hiki, na hawako tayari kurithi foleni ileile.

Jambo linalofuata limeletwa zaidi na wanachama waliokwisha kuvuka miaka hamsini. Mtu akizeeka, anataka kukaa kwao. Wapo waliojenga Kitengela, wapo waliojenga Moshi na Mwanza, na fidia ya VA inawafuata huko bila taabu kubwa. Matibabu ndiyo hayafuati. Mpango wa VA wa matibabu ya nje ya nchi unalipia maradhi yaliyokubaliwa kuwa yametokana na utumishi, basi. Ukiwa na goti lililokubaliwa, goti litalipiwa. Sukari iliyokuja baadaye utajigharamia. Medicare, bima ya serikali ya wazee, nayo kwa kawaida haivuki bahari. Kliniki pekee ya VA katika nchi ya kigeni iko Manila, Ufilipino.

Linganisha na anayeishi ndani ya Marekani. Kwa kanuni zilizotokana na Sheria ya MISSION ya mwaka 2018, akiwa na mwendo wa gari wa wastani wa zaidi ya dakika 30 kufika kwa daktari wa kawaida wa VA, au dakika 60 kwa bingwa, anaweza kupelekwa kwa daktari wa kiraia na VA ikalipa. Sisi tunaotaka kuzeekea Mwanza tuko dakika ngapi?

Tunapendekeza mambo mawili yaingizwe katika sheria. La kwanza, mwenye ulemavu wa kudumu wa asilimia 100 atibiwe maradhi yote popote anapoishi, kama anavyotibiwa akiwa Dallas au Minneapolis. La pili linaweza kuonekana dogo kwa anayekaa katika ofisi ya mpango wa matibabu ya nje ya nchi, Denver, ila ndilo linaloamua kama mtu atarudishiwa pesa yake. Hospitali nyingi za kwetu zinatoa risiti ya kuandikwa kwa mkono, mhuri umefifia, jina la ugonjwa liko katika kifupi cha daktari, na malipo yamefanyika kwa simu. VA inahitaji hati inayotaja ugonjwa, tarehe, kila huduma na bei yake. Tunataka kanuni itamke wazi kwamba risiti hiyo pamoja na ujumbe wa M-Pesa ni uthibitisho halali wa malipo, na kwamba hati iliyoandikwa kwa Kiswahili itatafsiriwa na VA yenyewe, si na mgonjwa.

Kuhusu maveterani waliofukuzwa nchini hatutasema mengi, kwa kuwa yamekwisha kusemwa sana. Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali iliripoti mwaka 2019 kwamba kati ya miaka ya fedha 2013 na 2018 takriban maveterani 250 walifunguliwa mashauri ya kuondolewa nchini au waliondolewa. Aliyeondolewa hapotezi kisheria haki ya fidia yake, lakini jaribu kuhudhuria uchunguzi wa VA ukiwa huruhusiwi kuvuka mpaka. Baraza la Wawakilishi lilipitisha mwezi Desemba 2022 muswada wa kuwatambua na kuwalinda maveterani hawa, ukafia Seneti. Tunataka urudi. Na kwa vijana wetu walio kazini leo: ombeni uraia mkiwa bado mmevaa sare. Msingoje.

Tumefurahia Sheria ya Elizabeth Dole iliyotiwa saini tarehe 2 Januari 2025, inayopanua huduma za nyumbani kwa wagonjwa mahututi na wazee na kuwajali wanaowauguza. Kwa jamii yetu, ambayo haina desturi ya kumpeleka mzazi kwenye nyumba ya wazee, ni sheria inayofanana na maisha yetu. Lakini sheria haimpimi mtu presha. Mwezi Julai 2025 VA ilitangaza kwamba inatarajia kupunguza karibu wafanyakazi 30,000 kufikia mwisho wa mwaka wa fedha. Tuliambiwa huduma hazitaguswa. Anayepokea simu za miadi akiondoka na nafasi yake isijazwe, huduma imeguswa, na tunalitaka Bunge liweke katika sheria ya bajeti idadi ya chini ya madaktari, wauguzi na wahudumu wa miadi ambayo wizara haitaruhusiwa kushuka chini yake.

Afya ya akili tunaitaja kwa uzito wake. Kwa takwimu za VA, maveterani 6,407 walijiua mwaka 2022. Katika nyumba zetu jambo hili lina pazia zito: mwanamume akiamka usiku akipiga kelele, mkewe anaambiwa asiseme nje, akianza kunywa, inaitwa tabia mbaya, akienda kwa mshauri, wanasema amepata kichaa. Tunaomba muswada wowote wa huduma hizi utenge fedha za kuajiri washauri wanaozungumza Kiswahili katika vituo vya ushauri vya maveterani, hasa katika miji yenye watu wetu wengi. Mtu anaweza kuagiza risasi kwa Kiingereza miaka kumi, na bado akashindwa kulia kwa Kiingereza. Wakati tunasubiri, laini ya dharura ipo saa zote: piga 988 kisha bonyeza 1. Hata mke au mama anaweza kupiga.

La mwisho ni onyo kwa wanachama. Kumezuka kampuni zinazotangaza mitandaoni kwamba zitakupandishia asilimia zako za ulemavu, kisha zinadai malipo ya miezi kadhaa ya fidia yako. Sheria hairuhusu mtu asiyeidhinishwa na VA kuandaa madai yako, achilia mbali kukutoza, lakini adhabu ya jinai ilifutwa mwaka 2006 na matapeli wanalijua hilo. Muswada wa GUARD unairudisha adhabu hiyo, nasi tunauunga mkono kikamilifu. Upo mwingine unaotaka kuzihalalisha kampuni hizo kwa kuziwekea kikomo cha ada, huo tunaupinga. Wawakilishi wa vyama vya maveterani walioidhinishwa wanaandaa madai bure. Na kabla hujakamilisha nyaraka, wasilisha kwanza taarifa ya kusudio la kudai: inakulindia tarehe yako kwa mwaka mmoja, na madai yakikubaliwa malipo yanaweza kuhesabiwa tangu siku ile.

Tunawaomba wanachama wote, na kila Mswahili mwenye kura katika nchi hii, wapige simu Bungeni kwa namba 202-224-3121. Taja jimbo lako, omba kuunganishwa na ofisi ya mwakilishi wako, kisha na za maseneta wako wawili. Sema muswada wa Meja Richard Star, namba H.R. 2102 katika Baraza la Wawakilishi na S. 1032 katika Seneti, na uulize: utaupigia kura, na utaomba uletwe ukumbini lini? Lafudhi yako isikutie haya. Andika jina la aliyekujibu na alilosema, ulete katika kikao kijacho cha tawi lako.

Imetolewa na Kamati Tendaji kwa niaba ya wanachama.